Barua Iliyopitishwa Chini ya Mlango

Wafiwa wenzangu, ndugu na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, yule wa kumfuata, fundi cherehani. Nimeombwa nisome maisha yake kwa dakika kumi na nisitie chumvi. Chumvi sitatia. Dakika kumi siahidi.

Marehemu dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 1957, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Baba alikuwa fundi viatu na mama alikuwa mkunga. Mama alizoea kutuambia kwamba watoto wote aliowapokea walilia mara moja, ila huyu wa kwake alitazama huku na huku kwanza, kama mtu anayekagua chumba.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Alipofika darasa la nne aliteuliwa kiranja, akapewa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu anapotoka. Siku moja mwalimu alirudi akakuta orodha ya majina saba, na la kwanza lilikuwa la kiranja mwenyewe. Alipoulizwa akajibu, "Nilipokuwa nawanyamazisha, nilipiga kelele kuliko wote, mwalimu." Akachapwa pamoja nao. Alimaliza sekondari mwaka 1976, na Novemba 1980 akahitimu shahada ya elimu, wa kwanza katika ukoo wetu.

Januari 1981 aliajiriwa chuoni kama msimamizi wa bweni la wasichana. Tarehe 14 Agosti 1982, siku ya Jumamosi, aliolewa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele. Katikati ya sherehe binti mmoja aliingia akitweta: wanafunzi wapya wamefika, magodoro yamefungiwa stoo, na ufunguo anao bibi harusi. Kweli alikuwa nao, ndani ya soksi! Maharusi wakaenda bwenini na nguo zao za harusi. Shemeji aligawa magodoro thelathini na mawili akiwa ndani ya suti, na mpaka leo hulalamika kwamba hakuna aliyemwambia asante. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 1996 alipandishwa cheo kuwa Mshauri wa Wanafunzi wa chuo kizima. Kuna wanaodhani hiyo ni kazi ya kukaa ofisini na kutoa nasaha. Thubutu! Bomba la bwenini likikauka, aliitwa yeye. Mwanafunzi akifiwa na mzazi katikati ya mitihani, yeye ndiye aliyempa habari na kumtafutia usafiri. Waliopigana kwa sababu ya mchumba, aliyepata mimba akaogopa kwenda kwao, yule ambaye hajala siku tatu na hasemi kwa nini, wote walipita mlangoni kwake. Aliyeingia akifoka aliambiwa, "Kaa kwanza," na ndivyo jina la Bi Kaa Kwanza lilivyomganda. Uongozi ulimwona wakili wa wanafunzi, na wanafunzi wakamwona askari wa uongozi. Akifika nyumbani alivua viatu na kuniambia, "Mdogo wangu, tembo wanapigana, na nyasi ndiyo mimi."

Sasa nifike kwenye jambo alilonikataza kulisema kwa miaka kumi na tisa. Wiki mbili kabla ya kufariki aliniruhusu, tena akasema nilisome polepole.

Machi 2004 mabweni yalikosa maji kwa siku sita. Wanafunzi waligoma, na vioo vya bwalo vikavunjwa. Uongozi ukamwagiza asaini barua kumi na moja za kuwasimamisha wanafunzi masomo kabla ya saa kumi jioni. Alibishana nao mchana kutwa, akachoka, akasaini. Moja ilikuwa ya kijana mpole wa mwaka wa pili, chumba namba kumi na nne. Aliipeleka mwenyewe, akakuta mlango umefungwa, akaipitisha chini ya mlango.

Siku mbili baadaye kijana mwingine, wa mwaka wa tatu, aliingia ofisini kwake. "Shikamoo, mama. Vioo nilivunja mimi. Mbona barua yangu siioni?"

Vijana wale wawili walikuwa na majina yanayofanana herufi kwa herufi. Tofauti yao ilikuwa namba ya usajili, na dada hakuisoma.

Alikimbia mpaka chumba namba kumi na nne, viatu mkononi. Alikuta kitanda kitupu na sakafu imefagiliwa. Kijana hayupo, barua haipo. Adhabu ilifutwa siku ileile, lakini ingemsaidia nini mtu aliyekwisha kuondoka? Dada aliandika barua tatu kwao, zote zikarudi. Akapanda basi, akaifikia nyumba, akaambiwa familia ilihama zamani. Basi akaandika barua ya nne, ya kumwomba msamaha na kumrudisha masomoni, akaiweka mkobani. Kila mkoba ulipochakaa nilimshonea mwingine, na kitu cha kwanza kuhamishwa kilikuwa bahasha hiyo. Gazeti likiandika kwamba kijana fulani amekutwa amekufa, alitafuta kwanza umri wake. Alistaafu Mei 2017 kwa sherehe na hotuba nyingi, ila yeye hakupumzika.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa, na mwaka huu wa 2023, mwezi Julai, alilazwa. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima usingizi ni yule kijana. "Nilimharibia mtoto wa watu maisha," aliniambia, "na nitaondoka bila kujua alikoishia." Nilimjibu aache kujitesa. Maneno ya bure kabisa.

Mwezi Septemba yule mvunja vioo, ambaye sasa ni mwanasheria, alikuja kumjulia hali. Tulipotoka nje ya wodi akaniuliza, "Mama mdogo, mama anasumbuliwa na nini zaidi ya figo?" Nikasema potelea mbali, nikatoboa siri. Akatuma ujumbe kwenye kundi la simu la wote waliosoma pamoja. Siku ya nne simu yangu ikalia.

Jumapili, tarehe 24 Septemba, mwanamume mnene mwenye uso wa furaha aliingia wodini na mikate miwili. Dada alimtambua kabla hajasema neno. Akamshika mkono, machozi yakamtoka. "Mwanangu, nisamehe. Nilikufukuza chuo bila kosa."

Mgeni akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Hukunifukuza, mama. Nilitoroka."

"Na barua je?"

"Barua gani?"

Jamani! Kumbe asubuhi ya siku ile ya barua alikuwa ameshaondoka. Kusomea sheria chuoni kulikuwa chaguo la baba yake. Yeye alitaka kuoka mikate kwa mjomba wake. Alimwogopa baba, akamwogopa na dada, akaondoka bila kuaga. Barua bila shaka ilifagiliwa na wafagiaji, hakuna aliyeisoma.

Dada akacheka mpaka muuguzi akaja mbio. "Miaka kumi na tisa nakutafuta, kumbe mtoto unapika mikate! Si ungeaga tu?"

"Ungenikataza, mama."

"Ningekukataza, ndiyo!"

Baadaye aliniambia kosa linabaki kosa, alisaini bila kusoma. Lakini hakuna aliyeumia. Alilala kuanzia mchana ule hadi asubuhi, na nilikaa pembeni nikilia kwa furaha, sioni aibu kulisema.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Alikuwa na umri wa miaka 66. Ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu watatu, na mimi. Nyinyi mnaosema aliwalea chuoni tumewaona, viti havitoshi, mtuwie radhi.

Watu wengi huombewa amani wakishaondoka. Dada yangu aliipata akiwa hai, akaishi nayo siku ishirini na tatu, akala na mkate. Apumzike nayo.