Pumzi Nilizompa Mkwe Wangu

Jumapili, mwezi wa tatu. Tangu asubuhi mawingu yamejaa upande wa Ihumwa, upepo ukainua vumbi, tukakimbilia kuanua nguo, lakini mvua haikunyesha. Joto limebaki ndani ya nyumba.

Ndugu zangu katika Kristo, kila mwenye pumzi na amsifu Bwana! Nimeandika neno pumzi, na hapo hapo nimeweka kalamu chini kwanza. Mchungaji aliniomba nisimame kanisani niseme yaliyotokea bwawani. Nikasimama, nikalia, nikakaa. Ndiyo maana naandika, ili mzee wa kanisa anisomee Jumapili ijayo. Shule niliishia darasa la saba, mnisamehe nikikosea. Na mkiona nimejisifu mahali, mpafute.

Mkwe wangu Elia, mume wa binti yangu Yusta, ni mzamiaji. Watu hucheka wakisikia. Mzamiaji wa Dodoma! Anazamia wapi, kwenye pipa? Lakini mabwawa tunayo, na chini ya bwawa kuna bomba la maji, na mdomo wa bomba una wavu wa chuma unaoziba kwa tope na magugu. Elia na mwenzake Rajabu, kijana wa Kondoa, hushuka na mitungi ya hewa mgongoni kuusafisha. Mimi nawapikia kambini, ng'ambo ya Zuzu.

Wengi wenu ni Wagogo, mnajua. Asiyejua nimwambie: kwetu mama mkwe na mume wa bintiye wanaheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Tukikutana kwenye kijia, mmoja anaingia majanini. Jina lake mimi silitamki mbele yake. Siyo uadui, ndugu zangu, ni uzio unaolinda ndoa ya mtoto. Hivyo nilifundishwa, na mpaka leo sisemi kwamba walionifundisha walikosea.

Sasa mwaka jana akaletwa mwalimu wa huduma ya kwanza kwa wazamiaji, mama mmoja wa Tanga, mfupi, sauti kama kengele. Akasema mpishi na mlinzi nao wajifunze.

"Mama, mimi ni wa sufuria," nikamwambia.

"Ndiyo maana nakutaka. Wakizama wote, atakayekuwa juu ni nani? Wewe na sufuria yako."

Tukajifunza juu ya sanamu ya mpira. Kumwita mtu kwa jina na kumtikisa bega. Kuinua kidevu, kusikiliza pumzi. Aliyetoka majini hupewa pumzi kwanza, halafu kifua kinakandamizwa, thelathini kwa mbili. Mtungi wa oksijeni unakaa kwenye boksi la kijani, usiuchanganye na ile ya kuzamia. Sanamu niliipenda kwa sababu haikuwa na ukoo. Ila siku ya kujaribu wawili wawili, mwalimu akanipanga na Elia! Yeye akatazama mbinguni, mimi nikatazama viatu. Rajabu akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwalimu, hao ukiwagusanisha mvua haitanyesha Dodoma nzima!"

Mwalimu naye akacheka, akanipa mlinzi. Lakini akasema, "Haya. Ila maji hayaulizi nani mkwe wa nani."

Ndugu zangu, neno lile liliingia ndani yangu likakataa kutoka. Tangu siku ile sikuwa na raha. Wakishuka, nasonga ugali macho yakiwa kwenye mapovu yao juu ya maji. Nimeunguza maharage mara nyingi, na wao wakala bila kulalamika. Niliomba ombi moja tu: Bwana, likitokea, lisimpate yeye. Leo naona lilikuwa ombi baya, maana ni kama nilimwomba Mungu limpate Rajabu. Sikukusudia hivyo. Mungu anajua.

Basi siku yenyewe ikafika. Kuna watu walikuwa wametega nyavu za samaki kwa kificho, Elia akanasa. Mimi niliona mapovu ya mmoja yamesambaa, halafu yamekoma. Nikapiga yowe. Mlinzi akakimbilia barabarani kutafuta mtandao apige simu. Hapo maji yakapasuka, Rajabu akaibuka akimvuta Elia, nikaingia mpaka kiunoni tukamburuta nchi kavu. Elia alikuwa na rangi ya majivu. Rajabu akaanguka kando yake, anatapika.

"Mama Yusta," akasema, "miguu siisikii. Nimepanda juu haraka mno, hewa imenidhuru mwilini. Umebaki wewe tu wa kumwokoa."

Kabla sijajibu, wachungaji waliokuwa wananywesha ng'ombe wakatufikia mbio. Mzee Masima, jirani yetu wa kambini, akamshika Elia mguu mmoja na mwanawe mwingine. "Mgeuzeni kichwa chini! Maji yatoke!" Msimlaumu. Sisi maji tunayajua kwenye ndoo na kibuyu, na chombo kilichojaa ukikigeuza kinamwagika. Bila yale mafunzo ningeshika mguu mimi mwenyewe. Lakini mwalimu alitukataza: unapoteza muda, na mtu anazidi kukosa hewa. Tayari mgongo wa Elia ulikuwa umeacha ardhi. Nami mwanamke nitamwamrishaje mzee yule? Kinywa changu kikatoa kilichozoea kutoa.

"Shikamoo baba! Mwacheni chini!"

"Marahaba," akasema mzee, na alipokuwa anaitikia vidole vikalegea, mguu ukashuka. Sijui kama kuna shikamoo nyingine iliyowahi kufanya kazi kama ile. Mungu wetu hutumia hata salamu!

Nikapiga magoti. Nilitakiwa kumwita. Nikaita, "Elia! Elia, unanisikia?" Ndugu zangu, jina lile lilikuwa zito kinywani kama jiwe. Hakujibu. Nikainua kidevu. Hapumui. Mwana wa mzee akasema nyuma yangu, "We mama, huyo si mkweo?"

Hapo nikafanya kosa. Nilivua kitenge changu cha juu, nikakiweka juu ya mdomo wake, nikapuliza juu ya nguo. Nilitaka heshima ibaki hata kwa unene wa kitambaa. Kitenge kilikuwa kimelowa. Nikapuliza tena, kifua hakikuinuka. Nikapuliza, hakikuinuka!

"Kitoe!" Rajabu akapiga kelele akiwa amelala. "Kitoe hicho kitambaa, mama, atakufa!"

Nilisita. Siwezi kuwaambia ni kwa muda gani, kwangu ulikuwa mrefu. Nilimwona Yusta amevaa nyeusi. Nilimwona pia Yusta ameachwa, anarudi nyumbani na watoto kwa sababu mama yake alimvunjia mume heshima. Vyote viwili vilinitisha. Nikasema kwa sauti, mbele ya wale wanaume, "Bwana Yesu, heshima ya mkwe wangu naiweka mkononi mwako. Nishikie mpaka nimalize!" Nikatupa kitenge. Nikamziba pua, nikaweka mdomo wangu kwenye mdomo wake.

Kifua kikainuka! Ndugu zangu, kikainuka!

Nikampa nyingine na nyingine, nikaenda kwenye kifua. Kuhesabu kulinishinda, nilikuwa naruka namba, hivyo Rajabu akanihesabia kutoka pale alipolala. Kitu kililia chini ya viganja vyangu kama kijiti kinavunjika, nikataka kuacha. "Usiache!" Rajabu akasema, akaendelea na namba. Nikamtuma mwana wa mzee alete oksijeni, akaja amebeba mtungi wa kuzamia. Rajabu akamrudisha, "Siyo huo, kaka! Boksi la kijani!" Akauleta. Oksijeni yenyewe Rajabu alikuwa anaihitaji, lakini alisema, "Mpe yeye kwanza." Nayasema haya kanisani kwa makusudi. Rajabu ni Mwislamu, na nusu ya ushuhuda huu ni wake. Nisipomtaja nitakuwa mwizi.

Basi Elia akakohoa. Akatapika maji na uji. Nikamlaza ubavu kama tulivyofundishwa, naye Mzee Masima akamshikilia kichwa vizuri kabisa, kwa upole kuliko mimi. Akataka kuinuka. Nikamwambia, "Lala!" kama namkaripia mtoto. Gari likaja, wote wawili wakapelekwa hospitali wamelala, hata Rajabu aliyekuwa anasema miguu imeanza kurudi. Mwalimu alisema mtu aliyetolewa majini, hata akionekana mzima, bado apelekwe.

Daktari alisema wamewahi. Alisema pia ubavu mmoja wa Elia umepata ufa. Nilikwenda nyuma ya wodi nikalia. Mwalimu alinipigia simu akasema ubavu hupona, marehemu haponi. Nimejaribu kuamini. Usiku bado nausikia ule mlio.

Hofu yangu haikuisha hapo. Elia alipotoka hospitali sikwenda kumwona. Sokoni Majengo niliona wanawake wakinyamaza nikipita, ingawa kwa haki huenda walikuwa wamemaliza tu mazungumzo. Nilingoja neno kutoka ukweni. Hatimaye baba yake Elia akaja. Akakaa kwenye kigoda, akakoroga chai mpaka ikapoa. Nikajua ndoa ya mwanangu imekwisha.

Akasema, "Mke wangu alimzaa huyu kijana kwa uchungu wa siku mbili. Wewe je, ulitumia muda gani?"

"Sijui, baba."

"Basi umemshinda," akasema, akacheka, machozi yakimtoka. "Uzio upo palepale, mkwe. Siku ile ng'ombe alikuwa anakufa ndani, ukaruka. Nani atakuuliza?"

Ndugu zangu, Mungu alinishikia! Namshukuru kwa uhai wa Elia na kwa miguu ya Rajabu. Wengine huniuliza ni Mungu au ni mafunzo. Mimi si msomi wa kujibu. Ninachojua ni kwamba mikono ilikuwa imefundishwa na bado iliganda, na aliyeifungua si mimi. Wewe unayeogopa kama mimi, usingoje hofu ikuishe ndipo umtegemee. Yangu haijaisha. Mtegemee nayo ikiwa tumboni. Na mwalimu akirudi kufundisha, njoo, hata kama wewe ni wa sufuria.

Leo Yusta na Elia wamekuja kutusalimu. Jioni tumekula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, Elia na mume wangu barazani, mimi na Yusta jikoni, mlango wazi. Katikati ya kula Elia akakohoa, nami nikajikuta nimesimama, tonge mkononi.

"Mama, kaa," Yusta akasema. "Ni pilipili."

Nikakaa, nikala.