Sista Trafiki Anaondoka Barabarani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya ini anastaafu. Tangu tangazo libandikwe, korido haina raha. Wagonjwa wanaulizana ni nani sasa atakayewasimamisha.

Jina la Sista Trafiki alijipatia mwenyewe. Kila mgonjwa wa homa ya ini aliyeingia alipokewa kwa amri moja: "Simamisha gari!" Mgonjwa ananyoosha mikono, anainua viganja na kutanua vidole, kama askari wa barabarani. Viganja vikitulia, karibu kiti. Vikianza kupigapiga kama mbawa za kifaranga, Sista hatanii tena: virusi vimelichakaza ini, na sumu ambayo ini lilipaswa kuichuja imepanda kichwani.

Hatujamsahau mwalimu aliyeletwa na mkewe. Usiku halali, mchana anasinzia, na viatu vyake vilikutwa ndani ya friji. Mashemeji walishakubaliana kwamba amerukwa na akili. Sista akamwamuru asimamishe gari, akaona viganja, akamwita daktari mbio. Dawa ilikuwa ya maji, ya kulainisha choo. Shemeji mmoja akang'aka: tangu lini kichwa kikatibiwa chooni? Sista akamwambia sumu itatokea huko huko, yeye asizibe mlango tu. Wiki haijaisha, mwalimu alikuwa anatusahihishia matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu.

Ni Sista pia aliyewasumbua wakubwa hadi kila mtoto anayezaliwa hapa akapata chanjo ya homa ya ini siku ya kwanza, na sisi wafanyakazi sote, wafagizi kwa madaktari, tukachanjwa.

Kwangu mimi chanjo ilichelewa. Kamati ya kumuaga imeniomba niandike haya kwa sababu ndimi daktari niliyemfundisha Sista kipimo kile. Wengi wenu hamjui kwamba siku hizi mimi ni mgonjwa wake, na kwamba ini langu limebaki jina tu. Wiki hizi, akipita wodini, mikono yangu huwa chini ya shuka. Namwambia nasikia baridi. Ninajua viganja vyangu vitasema nini, nami niliogopa kwamba akishaviona hamtaniachia kalamu. Nilitaka nimuage kwa akili yangu mwenyewe. Jana nilimwita mke wangu kwa jina la dada yangu. Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania.

Sista, asante kwa kila uliyemrudisha kwao akiwatambua watoto wake. Tunakutakia usingizi wa usiku mzima na barabara nyeupe mbele yako. Maua na hotuba vitakuwa Ijumaa. Lakini ukishafika mstari huu, usiingoje Ijumaa. Njoo wodini. Mikono nimeshaitoa nje ya shuka.