Soda za Mgonjwa na Tope la Mbuji

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana aliyesimama hapa mlishamwita kichaa.

Mnaikumbuka miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia Mbinga. Malori yaliyokuja kubeba kahawa yakashusha soda, biskuti na mikate myeupe mpaka huku Mbuji, na maharage yakawa chakula cha aibu. Mimi asubuhi soda na biskuti, mchana soda na biskuti. Ugali niliwapikia wengine.

Nikaanza kuugua. Usingizi ukapotea, moyo ukaenda mbio, nikawa nalia bila kufiwa. Neema wangu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, nilimpigia kelele mpaka akaniogopa. Mkasema nimerogwa. Mkaja kunitazama, kila mmoja na soda ya mgonjwa na pakiti ya biskuti. Mlinipenda, ndugu zangu, lakini mlikuwa mnachochea moto!

Mama mkwe akapanda kutoka Chiwanda, kule ziwani. Akasema, "Mama Neema, mtoto nakwenda naye. Ukipona utamfuata." Akafunga nguo za mwanangu kwenye kanga. Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu: nisinyang'anywe mtoto.

Mungu akaleta mvua! Barabara ikawa tope, gari halipandi wala halishuki. Mama mkwe akakwama kwangu, na madukani soda zikaisha. Kichwa kiliniuma, nikagombana hata na kuku. Mkadhani pepo ananitoka. Mama mkwe akanipikia maharage, majani ya maboga na usipa, dagaa wa ziwani kwao. Nikala kwa kuwa hakukuwa na kingine. Usingizi ukarudi kidogo kidogo. Asubuhi moja namwogesha Neema, nasikia mtu anaimba. Kumbe ni mimi!

Nesi wa zahanati alinieleza baadaye kwamba ubongo nao unakula, na sukari tupu humpandisha mtu kisha humwangusha. Sisemi kila ugonjwa wa akili unatokana na soda. Anayeumwa aende hospitali, na aombewe.

Barabara ilipokauka, mama mkwe alifungua ile kanga, akarudisha nguo za Neema sandukuni, akaondoka peke yake. Nililia sana, ila safari hii nilijua ninalia nini.

Namshukuru Mungu asiyedharau hata tope. Mtumaini yeye, wewe unayelia bila kujua sababu. Usijifiche, tuite. Tutakuja, na tutakuja na sufuria ya maharage.