Philbert Ansbert Kwizera, Karani wa Ujirani Mwema (1958–2025)

Ndugu waombolezaji, na ninyi wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii kuja Bukiriro: haya ndiyo maisha ya mtu tunayemzika leo, kama familia yake inavyoyajua na inavyotaka yakumbukwe.

Philbert alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958 hapa hapa Bukiriro, wilaya ya Ngara, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Ansbert na Mama Eustakia, wakulima wa migomba na maharage. Wazazi hao waliwafundisha watoto wao sala, jembe na kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Mawili ya kwanza Philbert aliyashika vizuri. Kihangaza alikipata nyumbani. Kirundi hakuna aliyemfundisha, kwani lugha hizo mbili ni ndugu: sokoni mama mmoja aliuliza bei kwa moja akajibiwa kwa nyingine, na wote wawili wakaelewana. Kiswahili alikikuta shuleni, akakipenda mpaka mwisho, na hakuwahi kuvumilia barua iliyoandikwa ovyo.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Mwalimu wa darasa la tatu alimpa kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele. Siku ya kwanza alirudisha karatasi yenye majina manne, la kwanza likiwa lake mwenyewe. Aliendelea na sekondari Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1976, akapita Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1979 akahitimu mafunzo ya utawala Mzumbe, Morogoro. Januari 1980 alianza kazi ya serikali mjini Ngara.

Mwaka 1983 alitumwa Biharamulo kwa shughuli za kikazi, akamwona Mwalimu Priscila akiwafundisha watoto hesabu chini ya paa lililovuja. Alimwandikia barua yenye kumbukumbu namba na tarehe, akiomba "nafasi ya mazungumzo kwa manufaa ya pande zote mbili". Mwalimu aliirudisha ikiwa imesahihishwa kwa wino mwekundu, na alama sita juu ya kumi. Philbert aliandika nyingine. Wakati wa posa alifungua daftari, akaandika muhtasari wa kikao, kisha akaomba wazee wa pande zote mbili waweke sahihi. Baba mkwe akamuuliza, "Kijana, unamwoa binti yangu au unafungua ubalozi?" Philbert alijibu kwamba, kwa heshima zote, aliona ni yote mawili. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1984, na Mungu akawajalia watoto watatu: Restituta, Abeli na Iteka.

Wakimbizi walipomiminika mwaka 1994, alipelekwa kambi ya Lukole kwa sababu aliwaelewa watu walipozungumza na wao walimwelewa. Alikaa huko miaka minne. Hakupenda kuyasimulia mengi ya siku zile, ila alikuwa akisema kwamba huko ndiko alikojifunza kuwa jirani si habari ya ramani. Ndiyo maana serikali za nchi zetu mbili zilipohimiza mikutano ya ujirani mwema mpakani, yeye ndiye aliyepewa ukarani wa kamati upande wa Ngara. Upande wa Burundi, karani alikuwa Bwana Niyomugabo, ambaye leo yuko nasi hapa.

Sasa tufike kwenye mkutano wa Jumanne, tarehe 14 Agosti 2012. Kuhusu siku hiyo pamesemwa maneno mengi Ngara, hata vilabuni na kwenye vijiwe vya bodaboda. Imesemwa kwamba Philbert alihongwa na Warundi. Imesemwa kwamba alilewa. Familia inaomba leo yasemwe yaliyotokea.

Mkutano ule ulikuwa na shabaha moja: kubadilishana maombi mawili. Wenzetu wa Burundi walitaka wakulima wao waruhusiwe kuuza kwenye soko la upande wetu kwa barua ya kijiji tu. Sisi tulitaka ng'ombe wa pande zote mbili wachanjwe wiki ile ile moja, maana ugonjwa tuliouzima huku ulikuwa unarudi kutoka kule. Maombi hayo yote yalihitaji idhini ya juu. Makarani wawili walikuwa wamepanga kwa miezi minane kwamba viongozi wa Ngara waliombee ombi la Burundi kwa serikali yetu, na viongozi wa Burundi waliombee la Ngara kwa serikali yao. Kila upande ulikuwa uwe mdomo wa mwenzake. Bila sahihi za siku ile, kazi yote hiyo ingepotea.

Barua ilisema mkutano ungeanza saa nne asubuhi. Kama mjuavyo, saa za Burundi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Philbert, kwa kuwaheshimu wageni, aliihesabu saa nne ile kwa saa yao, akawaambia wakubwa wake kwamba wageni wangefika saa tano yetu. Niyomugabo, kwa kuwaheshimu wenyeji, aliihesabu kwa saa yetu, akawahimiza watu wake waamke mapema. Kwa adabu hiyo ya watu wawili, ujumbe wa Burundi ulifika shule ya mpakani ukakuta maturubai yamekunjwa, viti viko juu ya lori, na hakuna kiongozi hata mmoja. Waliokuwepo ni wapishi wakimenya ndizi.

Kiongozi wa wapishi, Mama Clotilda, hakuwa amepewa maelekezo yoyote ya itifaki. Alimpigia goti kiongozi wa msafara, mtu mzima mwenye miwani, akamsogezea benchi. "Mheshimiwa, viti vinakuja," alisema. "Kwa sasa kaa hapa, na kama mikono haina kazi, kisu hiki."

Yule mheshimiwa alivua koti akamenya. Wenzake hawakufurahi hivyo. Wawili walirudi kwenye gari wakafunga milango, na mmoja alisikika akisema kwamba hata mkwe asiyependwa hupokelewa kwa maji. Viongozi wetu walipowasili saa tano, wamevaa tai, wakiwa na hakika kwamba wamewahi, walikuta wageni wamekaa saa nzima na mgeni mkuu ana utomvu wa ndizi mikononi.

Mmoja wa wakubwa wa msafara wetu alianza kueleza kwa sauti kwamba pengine karani wa wageni ndiye aliyekosea kusoma barua. Niyomugabo aliinamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa inaondoka mbele ya macho yake. Hapo Philbert alisimama bila kuitwa, akasema maneno ambayo Mama Clotilda amekuwa akiyarudia tangu siku ile:

"Wazee wangu, mwenzangu huyu ameifuata saa yetu, na mimi nimeifuata yao. Lakini mwenye nyumba ni mimi. Mwenye nyumba ndiye anayeuliza mgeni atafika lini. Sikuuliza. Kosa ni langu."

Niyomugabo naye akasimama. "Hapana, mzee. Hata mimi nilikuwa na simu mfukoni. Kosa ni langu."

"Kaa chini, bwana, hili ni langu."

"Sikai."

Waligombea kosa lile kama watu wanaogombea kulipa nauli, mpaka yule mheshimiwa akaweka kisu chini, akacheka, na waliokuwa garini wakafungua milango. Ndizi zililiwa. Saa kumi jioni maombi yote mawili yalikuwa yamewekwa sahihi.

Lakini juma lililofuata Philbert alitakiwa kuandika taarifa, na mkubwa yule yule akamshauri aandike kwamba kasoro ilitoka upande wa pili. Alimwambia ni sentensi moja tu, nani angejua? Philbert alijua kwamba taarifa hiyo ingefika Burundi, na kwamba hakuna kiongozi ambaye angewaombea watu waliomwandika vibaya karani wake. Nakala ya taarifa yake ipo, familia inayo. Inasema: "Wageni walifika kwa wakati. Sisi ndio tuliochelewa, na aliyetuchelewesha ni mimi." Alipelekwa masjala, wilaya ya Biharamulo. Hiyo ndiyo rushwa aliyopokea.

Wapo waliomhurumia, lakini adhabu ile ilimpeleka ukweni. Kwa miaka mitatu mkwe wa Biharamulo alilazimika kuvaa shati lililopigwa pasi hata anapokwenda kuchota maji, na mashemeji hawakuacha kumuuliza kama ubalozi umefungwa. Alinenepa. Ni huko alikoanza kuvaa saa mbili, moja kila mkono, moja ya Tanzania na moja ya Burundi. Watoto wa katekisimu walimzunguka baada ya misa: "Shikamoo babu, ipi inasema kweli?" Naye aliitikia marahaba, akawaambia, "Zote, wajukuu zangu. Inategemea unakwenda kwa nani."

Wakati huo huo, ng'ombe walichanjwa pande zote mbili, wiki moja, mwaka 2013 na kila mwaka uliofuata. Akina mama wa ng'ambo walianza kuuza soko letu kwa barua ya kijiji. Mkutano mwingine ulipofanyika upande wa Burundi, Juni 2015, yule kiongozi mwenye miwani aliuliza mbele ya wote yule karani mrefu aliyegombea kosa yuko wapi. Akaambiwa yuko Biharamulo, ni mbali.

"Tutamsubiri," alisema. "Kusubiri tumeshazoea."

Gari lilitumwa. Philbert aliingia ukumbini alasiri, shati likiwa na vumbi la faili, na wajumbe wa nchi zote mbili wakasimama. Mwezi uliofuata alirudishwa Ngara kwenye meza yake, akaitumikia hadi alipostaafu tarehe 14 Aprili 2018 kwa heshima zote. Baada ya hapo alilima kahawa, akaimba sauti ya nne kwaya ya Bukiriro, na kuwasahihishia vijana wa kijiji barua za maombi ya kazi.

Mwezi Machi 2024 alianza kusumbuliwa na figo. Alitibiwa Ngara na baadaye Mwanza, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Aprili mwaka huu aliomba arudi nyumbani. Niyomugabo alikuja kumwona mara tano, kwa bodaboda kutoka mpakani Kabanga, naye sasa ana mvi. Alipofika mara ya mwisho alimkuta amefumba macho.

"Mzee, amka, kuna kikao."

"Nani mwenyekiti?"

"Wewe."

"Wajumbe?"

"Mimi."

"Basi akidi imetimia," alisema Philbert, akaomba uji, akaumaliza wote.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, baada ya kupokea sakramenti, mke na watoto wake wakiwa pembeni yake.

Marehemu ameacha mke, Mwalimu Priscila, watoto watatu, Restituta, Abeli na Iteka, wajukuu saba, dada yake Melania, na kaka yake wa ng'ambo, Niyomugabo, ambaye familia imemwandika katika orodha hii kwa makusudi na haitaki afutwe. Mzee Ansbert alimpa mwanawe jina hili likiwa safi. Wapo waliojaribu kulichafua. Hakugombana nao hata mara moja. Leo tunalirudisha kwa Mungu kama lilivyokuwa, mbele ya majirani wa pande zote mbili aliowatumikia. Bwana ampokee Philbert katika amani yake, na mwanga wake usizimike juu yake kamwe. Amina.