Mama wa Birika na Mkono Uliobaki

Bi Kijakazi Ridhiwani ameitumikia karakana yetu ya feni na cherehani, hapa Kariakoo, kwa miaka ishirini na tisa. Anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Barua yake ya ajira inasema ni mfagizi. Mimi Benjamini, mtunza stoo, kazi yangu ilikuwa kuhakikisha alichokifagia kinatupwa. Niseme mapema: nilishindwa.

Bi Kijakazi hakutupa kitu; aliunda sanamu. Mapanga ya feni yaligeuka mkia wa tausi, pedali za cherehani zikawa mbuzi. Nilimwandikia barua tatu za onyo. Akazipaka gundi, akamtengenezea mbuzi masikio.

Sanamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya marehemu mama yake, muuza uji: kichwa birika, kifua kava la feni. Mwaka 2019 tulitarajia wageni. Kwa kujifanya mjuaji, nikaona itatuaibisha, nikaitoa kwa mwenye mkokoteni wa vyuma chakavu. Bi Kijakazi alimfuata kwa miguu mpaka Buguruni, akarudi na birika peke yake, mwili ulishakatwakatwa. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kichwa kipo, mwili tutautafuta. Heri angenitukana. Niliona aibu, na bado naiona.

Tangu hapo, mtu mzima na tai yangu, nikawa mwokota makopo. Nilileta hata sufuria ya nyumbani nikidhani imetoboka. Mke wangu Stella anaitafuta hadi leo. Kama anasoma hapa, ndiyo bega la kushoto. Asubuhi moja niliingia bila miwani, nikaiamkia sanamu shikamoo mara mbili, kisha nikanuna kwa kukosa marahaba.

Wiki iliyopita Mama wa Birika alisimama tena mlangoni, kamili isipokuwa mkono wa kulia. Nilimwomba Bi Kijakazi radhi kwamba muda umetuishia. Akacheka, akasema mkono huo hakuusahau: ameniachia mimi, ili niwe na sababu ya kwenda kumjulia hali.

Ahsante, Bi Kijakazi, kwa usafi, kwa mbuzi, na kwa kunisamehe bila barua ya onyo. Sote hapa karakana tunakuombea afya, mapumziko na maisha mema. Mkono bado sijaupata, lakini Jumapili nakuja.