Fundi Faraji Alipoifuata Landrova Rufiji

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Wa jikoni, wa dukani, na wewe uliyelala na homa huku redio ikikusemesha, karibuni tukae pamoja.

Leo tunamkumbuka Faraji Mwinjuma, fundi wa redio za magari wa Chang'ombe, wilaya ya Temeke. Faraji Mwinjuma alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita. Alifariki usingizini, nyumbani kwake, akiwa peke yake. Alizikwa Jumanne, hapo hapo Chang'ombe, baada ya sala ya adhuhuri.

Aliyegundua ni jirani yake, mama mmoja. Kila asubuhi Faraji alikuwa akichota maji bombani, na kabla ya kuingiza ndoo ndani, alimimina kwanza kwenye pipa la mama huyo, maana mgongo unamsumbua. Jumatatu ile pipa lilibaki tupu. Mama akangoja. Jua lilipopanda akaenda kugonga mlango, na ndivyo habari ilivyotufikia.

Faraji alikuwa mtoto wa Temeke. Alijifunza redio akiwa kijana, akaajiriwa kiwandani, akafanya kazi miaka mingi. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini kiwanda kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Akajenga banda la mabati ubavuni mwa ghala, akaweka meza, chuma cha kulehemu na drili ya mkono. Wakati huo ndipo magari ya Dubai na Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, na kila mwenye gari alitaka muziki. Redio peke yake haikutosha tena. Watu walitaka amplifaya, kile chuma cha kuzidisha sauti, kinachopata moto kama pasi.

"Mzee, nataka vioo vya jirani vitetemeke," kijana mmoja alimwambia.

"Na huyo jirani naye anataka?" Faraji akamuuliza. Kijana akacheka, akapunguziwa spika moja bila kujua.

Lakini kuna jambo moja, wasikilizaji wapendwa, ambalo wateja wake hawakulijua. Nyumbani kwa fundi huyu wa redio hapakuwa na redio. Mkewe, Bi Naima, alifariki mwaka 1989. Hawakujaliwa mtoto. Siku chache baada ya matanga, Faraji aliichukua redio yao akampa dada yake, Bi Tunu, anayeishi Mbagala.

"Nilimuuliza kwa nini," Bi Tunu anatusimulia. "Akaniambia, 'Tunu, ikisema peke yake humu ndani, nyumba inazidi kuwa kubwa.'"

Basi akaishi hivyo. Mchana, bandani, sauti tele. Jioni anafunga kufuli, ananunua mkate na maharage, anakula huku mlango uko wazi ili aone watu wakipita.

Mtu mmoja tu ndiye aliyezoea kukaa naye. Anaitwa Albano. Ni mwenyeji wa Newala, mkewe Filomena na watoto wako huko. Albano huleta vinyago vya mpingo Dar es Salaam kwa Landrova yake kuukuu, anawauzia wenye maduka, kisha anarudi Kusini. Anaendesha peke yake. Njia mnaijua ilivyo. Kiangazi ni vumbi na mashimo, masika ni tope na kusubiri kivuko. Kila akifika mjini, Albano alipita bandani, akakalia tairi bovu, wakanywa kahawa na kashata hadi magharibi. Huyu Mkristo, yule Mwislamu. Huyu msemaji, yule msikilizaji. Bi Tunu anasema siku Albano akiwa mjini, kaka yake alikuwa akinyoa ndevu.

Sasa ikawa mwaka jana, kabla ya zile mvua kubwa, Albano akaja na amplifaya ndani ya boksi. Alikuwa na furaha ya mtoto.

"Kaka, porini kule injini inapiga kelele mpaka redio siisikii. Nataka kusikia mtu akiongea. Niwekee hapa, chini ya kiti changu. Mwizi hataiona."

"Hapo siweki," Faraji akasema.

"Nafasi si ipo?"

"Ipo. Jirani yake nani?"

"Jirani wa nani?"

"Wa amplifaya. Lala chini utazame."

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida yake Faraji. Hakutoboa gari lolote kabla ya kulala chini yake kwanza, aone mabomba ya mafuta na ya breki yanapita wapi, na mwenye gari naye alale aone. Albano akalala. Akaliona tangi la petroli, lipo pale pale chini ya kiti cha dereva, kama zilivyo Landrova nyingi za zamani.

"Nimeliona," akasema akijifuta. "Si halijaguswa?"

"Leo halijaguswa. Njia yenu ile inalegeza hata boliti za kiwandani. Waya ukichunika hapo, cheche moja tu, na wewe umekalia."

"Basi weka sakafuni."

"Ukivuka maji itaoga."

"Darini?"

"Jua litaipika, na gari likipinduka kile chuma kitakufuata shingoni. Mie nitakuwekea nyuma ya kiti, imeinuliwa kutoka sakafuni, kwenye ubao, na mpira chini yake isitikisike. Ipate hewa. Na fyuzi karibu na betri."

"Nyuma ya kiti! Kila apitaye aione? Fundi, mwizi wa Temeke ni wa kila siku. Moto ni bahati mbaya."

"Sitoboi hapo."

"Nyie watu wa pwani mnaogopa hata vivuli vyenu."

"Na nyie wa Kusini mnamwogopa mwizi kuliko kifo."

Wasikilizaji wapendwa, maneno kama hayo walikuwa wakitupiana miaka yote, yakaishia kwenye kicheko. Siku ile hakuna aliyecheka. Albano alichukua boksi lake, akaenda kwa fundi mwingine upande wa Kurasini. Akawekewa pale alipotaka, chini ya kiti, kando ya tangi. Akaondoka kwenda Newala bila kupita kuaga.

Aliporudi mjini hakupita bandani. Safari nyingine, hakupita tena. Faraji aliiona Landrova ikipita barabarani na muziki wake, akasimama na bisibisi mkononi hadi ilipopotea. Tairi lilibaki pale. Mteja mmoja alitaka kulikalia, Faraji akamletea kigoda.

Kisha zikaja mvua. Mvua zile hazihitaji kuelezwa, sote tulikuwepo. Barabara ya Kusini ikakatika hapa na pale, magari yakakwama Rufiji. Faraji akaanza kwenda kwenye mabasi ya Kusini kuwauliza madereva. Mmoja akamwambia, "Yule wa vinyago? Yuko kwenye foleni ya kivuko. Tena gari lake linanuka petroli, nilimwambia."

Faraji hakumaliza hata kushukuru. Alikwenda Mbagala kwa dada yake, na mfuko wa zana begani.

"Nilimwambia, kaka, kwa umri huo, na mvua hii, unamfuata mtu aliyekununia?" Bi Tunu anasema. "Akanijibu, 'Tunu, mtu asife kwa sababu alininunia.' Nikamfungia mihogo ya kuchemsha. Ningefanya nini?"

Akapanda lori la saruji, akaketi juu ya mifuko, chini ya turubai. Lilikwama mara nyingi. Alishuka kusukuma pamoja na wengine. Alipofika kivukoni alikuwa tope mwili mzima. Mama mmoja muuza chai, asiyemjua kabisa, alimvua koti akalikausha jikoni kwake, akampa chai ya tangawizi na hakutaka malipo. Mama yule jina lake hatulijui. Popote ulipo, mama, Mungu akuzidishie.

Faraji akaifuata foleni ya magari hadi akasikia muziki. Albano alikuwa ndani, injini inaunguruma, dirisha wazi. Walitazamana.

"Umefuata nini huku, kaka?"

"Zima muziki."

"Hata salamu?"

"Zima muziki, Albano. Halafu zima gari. Halafu shuka, ndipo tusalimiane."

Labda ilikuwa ile sauti yake, maana Faraji hakuwa mtu wa kuamrisha. Albano alizima, akashuka.

"Harufu hii huisikii?"

"Nimeizoea."

Faraji akafungua nyaya za betri kwanza. Akainua kiti. Waya wa umeme ulipita kwenye tundu la bati lisilo na mpira, na bati lilikuwa limeutafuna hadi shaba ikaonekana. Bomba la mafuta, hapo kando, lilikuwa limelowa petroli. Alishika kurunzi tu, akammulikia mwenzake.

Albano alitazama. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye tope, na suruali yake safi. "Watoto wangu," akasema.

"Inuka unishikie bisibisi," Faraji akamwambia. "Na lile boksi la mbao la sabuni, huko nyuma ya gari, nilione, nataka ubao wake."

Kazi ile ilifanyika mbele ya foleni nzima. Dereva wa lori alitoa tyubu yake mbovu, ikakatwa vipande vya mpira. Mwingine akatoa boliti. Bomba la mafuta likakazwa, harufu ikaachwa iishe. Amplifaya ikafungwa nyuma ya kiti, juu, kwenye ubao, na waya mpya wenye fyuzi. Albano alipowasha redio ilikuwa taarifa ya habari. Watu wa foleni walisogea kusikiliza habari za mvua, na sauti ilikuwa safi.

Ndipo Albano akasema, "Twende wote Newala, kaka. Filomena atakupikia. Kaa hata mwezi."

Faraji akatazama mtoni. "Kazi zinanisubiri."

Hakukuwa na kazi, wasikilizaji wapendwa. Banda lilikuwa limejaa maji. Bi Tunu alikuja kumbana baadaye, na Faraji akamweleza ukweli: "Nikizoea sahani yenye mikono mingi, nitarudije kwenye chumba kile?"

Kivuko kilipoanza tena, Landrova ikavuka. Faraji alisimama ng'ambo hii na mfuko wake. Aliisikia ile redio ikienda juu ya maji, ikipungua, ikipungua, hadi akabaki na sauti ya mto. Kisha akatafuta lori la kurudi.

Tangu hapo Albano hakuacha kupita bandani. Kila safari aliomba, "Twende." Kila safari Faraji alisema, "Safari ijayo." Mwezi uliopita, Albano akiwa ameshaondoka mjini, Faraji alimwambia dada yake, "Tunu, akirudi nitakwenda naye."

Faraji Mwinjuma, fundi wa Chang'ombe, alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita.

Tunampa pole Bi Tunu na ukoo wote wa Mwinjuma. Tunawapa pole majirani wa Chang'ombe, na hasa mama wa pipa la maji. Mama, kwa sasa watoto wa mtaa wanakuchotea, tumesikia, nao Mungu awabariki. Tunawapa pole mafundi wenzake wote.

Nasi tuliobaki tutafakari. Yupo mtu mtaani kwako anayekula na mlango wazi. Hatasema kitu. Atakuambia ana kazi. Leo mpelekee sahani, au ukae naye tu, hata kama huna la kusema.

Bi Tunu ametuomba jambo moja la mwisho. Ametuma salamu kwa mabasi na malori yote ya Kusini, lakini hakuna aliyekutana na Albano. Hajui. Hakuwepo kuzika.

Albano, sauti ya redio hii inafika hadi huko. Pengine umelisikia jina la rafiki yako tangu tulipoanza, ukaendelea kuendesha kwa kuwa hukutaka kuamini. Sogeza gari pembeni, mwanangu. Zima injini. Redio iache.

Ni yeye. Ni kaka yako Faraji. Hakuumwa, hakuteseka. Bi Tunu anasema hitima haitasomwa mpaka ufike, kwa hiyo hakuna haraka. Kaa kidogo hapo ulipo. Lia, kama machozi yapo. Njia ni mbaya na uko peke yako, basi njoo polepole.