Kinyama Alichokataa Kivutwe

Andika hivi, mwanangu: Mkunga Casilda Urroz anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na tisa Agosti, baada ya miaka thelathini na saba katika nyumba yetu ya wajawazito hapa Río Pardo. Miaka yote hiyo, na kahawa yangu hajaisifu hata siku moja! Mimi Tránsito, mpishi wao. Wenye vyeti walioombwa kumwandikia haya wamesema wana kazi nyingi. Haya, masikini.

Wengine watasema alizalisha wangapi. Mimi nasema la binti yangu, Yorlenis. Mimba mbili zilishamtoka. Ya tatu, mwezi wa nne, akaona damu. Mama mkwe wake, bingwa wa kila jambo, akapiga kelele: “Mwezi umepatwa na huyu hakuvaa pini ya kinga kwenye chupi! Mtoto kang'atwa na mwezi!”

Daktari Baltodano, mbichi kutoka chuo, akapima, akakuta kinyama kinaning'inia kwenye shingo ya kizazi. Akashika koleo. “Dakika moja tu, nakinyofoa.” Loo, hodari!

Casilda akamshika mkono. “Sawa, daktari wangu. Na mtoto akifuata, utamrudisha kwa pini ya mama mkwe?”

Koleo likarudi kwenye sinia. Casilda akamweleza kwa adabu, ile adabu yake inayochoma, kwamba vinyama hivi mara nyingi havina ubaya, vikiguswa tu vinavuja. Akapangusa kidogo kwa brashi, ikapelekwa maabara ya mjini, jibu likaja safi. Damu ikizidi au kikibadilika, watakitoa hospitali kubwa. La sivyo, mikono mifukoni.

Mume akaambiwa asimguse mkewe, akalale kwa mama yake. Alinuna huyo! Yorlenis akakaa hapa, anakula nacatamal zangu za mahindi na nyama, kila wiki anaangaliwa. Mama mkwe akaleta pini. Casilda akasema, “Vaa, binti, hata tano. Pini haivuti kitu.”

Mtoto akazaliwa kwa miezi yake, kilo tatu, sauti ya jogoo. Kinyama kikatolewa baada ya arobaini, kidogo kama haragwe. Mama mkwe akashukuru pini. Baltodano, siku hizi mkuu wetu, husimulia mikutanoni jinsi “tulivyoamua kusubiri.” Tulivyoamua!

Casilda, asante. Kalale mpaka jua likuchome, ukanywe kahawa mbaya ya mtu mwingine. Ijumaa mjukuu wangu, yule wa sauti ya jogoo, atakubandika pini nyekundu kifuani. Mwezi haupatwi siku hiyo. Ni ili mkuu akisimama kuhutubia, aione.